Kando ya Mto Darro: Njia ya Wenye Huzuni Mjini Granada



Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kitabu chake kitukufu tutembee katika ardhi, tutazame namna ulivyokuwa mwisho wa watu waliotutangulia. Sisi walimu wa vyuoni twaisoma nasaha hii na kuifundisha miaka nenda miaka rudi, na hali wengi wetu hatujatoka nje ya wilaya zetu. Wanafunzi ndio wasafirio. Mwalimu hubaki na mikeka yake na mbao zake za kuandikia. Basi ilipotujia barua ya kijana mmoja tuliyemsomesha tangu alifu hata akakhitimu, naye sasa anafanya kazi katika mji wa Granada, kusini mwa Uhispania, akitutaka tukamtembelee, tena nauli ameitoa yeye, tulimshukuru Mola tukafunga safari.

Khabari za mji huo mzima haziwezi kuenea katika kurasa hizi. Twapenda kuwatembeza mahali pamoja tu, napo ni njia ya kando ya mto Darro, ambayo watu wa Granada huitembea jioni kwa kupunga hewa tangu mamia ya miaka. Njia yenyewe si ndefu. Lakini aliye na macho ya kusoma ataona humo jambo ambalo kila nyumba ya Kiislamu yapaswa kulijua.

MTO NA VILIMA VYAKE

Mto Darro si mkubwa. Mtu wa Rufiji au wa Tana akiuona atauliza: ati huu nao ni mto? Maji yake ni machache, yapita chini sana baina ya kuta za mawe, na paka wa mtaani hulala kwenye majani ya kingoni mwake pasi na hofu. Hata hivyo mto huu mdogo ndio uliounyonyesha mji. Ukipanda nao kutoka mjini, upande wako wa kulia kuna kilima kirefu, na juu yake ngome na majumba ya Alhambra, yaani al-Hamra, maana yake "nyekundu". Upande wa kushoto kuna mtaa wa Albaicín, wenye vichochoro vyembamba vipindavyo na kupanda, na mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja akitiwa humo usiku hatajiona mgeni sana.

Muhammad ibn al-Ahmar, wa kwanza wa masultani wa Bani Nasri, aliingia Granada mwaka 1238. Aliona kilima kile ni kizuri kwa ngome lakini hakina maji, akaamrisha uchimbwe mfereji kutoka mtoni, mbali juu ya mji, uyalete maji hata kilimani. Mfereji huo ungaliko. Wenyeji huuita acequia, na neno hilo ni as-saqiya la Kiarabu. Mtaa wa Albaicín nao uliletewa maji kwa mfereji mwingine kutoka chemchemi ya Alfacar, yakajaza mabirika ya mitaani na ya misikitini, na mabirika zaidi ya 20 yangali yaonekana hata leo. Watu wale walijua ya kuwa dini isiyo na maji safi mlangoni haikai raha.

Na kabla hatujaanza kutembea, lazima tutaje jambo moja linalotuhusu sisi watu wa pwani. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Yapata mwaka 1350 alifika Granada, katika zama za Sultani Yusuf wa Kwanza. Sultani alikuwa mgonjwa, hakuonana naye, bali mamake Sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Katika bustani mojawapo ya mji huo Ibn Battuta alikutana na kijana mwanachuoni aitwaye Ibn Juzayy. Baadaye wawili hao wakawa pamoja katika mji wa Fez, na Ibn Juzayy ndiye aliyeziandika safari zile kwa kusimuliwa na mwenyewe, kitabu kikatimia mwaka 1355. Kwa hiyo khabari za Kilwa na Mombasa tunazozisoma leo zilipita katika kalamu ya mtu wa Granada.

Tulipomweleza kijana wetu hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, nimekaa hapa miaka tisa nikidhani hapana kiniunganishacho na mji huu ila kazi."

JUMBA LA HUKUMU

Tulitoka baada ya alasiri, sisi na kijana wetu na mwanawe, mtoto wa miaka saba aliyezaliwa huko huko. Mtoto ana adabu nzuri. Alitupa mkono akasema, "Shikamoo, babu," kama alivyofundishwa na mamake. Ila mazungumzo yake mengine yote ni kwa Kihispania, na babake alikuwa akitufasiria.

Njia huanzia katika uwanja uitwao Plaza Nueva. Hapo mto hutoweka chini ya ardhi, kwa kuwa watu waliujengea paa la mawe kidogo kidogo, na barabara na maduka yako juu yake. Penye mwisho wa uwanja liko kanisa la Santa Ana, lililoanza kujengwa mwaka 1537 mahali palipokuwa msikiti. Mnara wake wa matofali ni mwembamba na wa mraba, na mgeni akiutazama kwa mbali atadhani muadhini yu karibu kutokea.

Upande wa kushoto wa uwanja lasimama jumba kubwa la mawe lililokuwa Mahakama Kuu ya mfalme, iitwayo Chancillería. Tulisimama mbele yake kitambo, maana kisa chote cha njia hii hakifahamiki pasipo kulijua jumba hili na mambo yaliyotolewa humo.

Tarehe 25 Novemba 1491 Sultani wa mwisho wa Granada, Abu Abdillah Muhammad, aliafikiana na Mfalme Fernando na Malkia Isabel kwa mkataba wa maandishi. Waislamu watautoa mji. Nao wataachiwa dini yao, misikiti yao, makadhi wao, na mali zao za wakfu. Tarehe 2 Januari 1492, mwaka 897 wa Hijra, funguo zikatolewa. Askofu mkuu wa kwanza, Hernando de Talavera, alitaka kuwavuta watu kwa maneno, hata akawahimiza mapadre wake wajifunze Kiarabu. Lakini mwaka 1499 alikuja Jiménez de Cisneros, mtu wa haraka na wa nguvu. Watu wa Albaicín walishurutishwa kubatizwa, wakaasi, wakaambiwa ya kuwa kwa kuasi kwao mkataba umevunjika. Vitabu vya Kiarabu vikakusanywa, vikachomwa moto uwanjani, isipokuwa vya utabibu. Madrasa ya mji, aliyoijenga Sultani Yusuf mwaka 1349, ikageuzwa nyumba ya baraza la mji. Kufikia mwaka 1502 hapakuwa tena na Mwislamu wa dhahiri katika Granada, wala katika ufalme wote wa Castilla. Waliobaki waliitwa Wamorisko, Wakristo kwa majina, na nyoyo zao azijua Mola.

Msomaji atasema: basi yamekwisha hapo. La, hayakwisha. Watawala waliona ya kuwa jina limebadilika lakini nyumba haikubadilika. Ndipo tarehe 1 Januari 1567 ilipotangazwa sheria iliyoingia nyumbani. Wamorisko walipewa miaka mitatu waache kabisa kusema, kusoma na kuandika Kiarabu, hata faraghani. Walikatazwa majina yao ya asili na mavazi yao. Wanawake waliamriwa wafunue nyuso. Hamamu zilifungwa. Na milango ya nyumba iwe wazi siku za Ijumaa na za sikukuu na za harusi, ili mpita njia aone kinachotendeka ndani.

Alikuwako mzee mmoja wa Kimorisko, Francisco Núñez Muley, mtu mwenye umri mkubwa aliyepata kuwatumikia wakubwa wa Kanisa tangu utoto wake. Mzee huyu aliandika hoja zake kwa utulivu, akazipeleka kwa rais wa mahakama hii. Alisema kwamba lugha si dini, kwani wako Wakristo wa mashariki na wa kisiwa cha Malta wasemao Kiarabu na Ukristo wao haukupungua. Mavazi ni desturi ya nchi, kama kila nchi ilivyo na yake. Hamamu ni kwa ajili ya usafi. Majina huhifadhi nasaba, na yakipotea watu hawatajuana. Tena vikongwe wasiojua ila lugha ya mama zao watajifunzaje lugha ngeni kwa miaka mitatu? Hoja zilipokewa, zikasomwa, zikawekwa. Sheria haikurudishwa.

Tulipomaliza kumsimulia kijana wetu, mtoto alivuta kanzu yetu akitaka twende, maana alikuwa ameahidiwa kuonyeshwa paka wa mtoni. Tukaenda.

HAMAMU NA DARAJA LA KADHI

Kutoka hapo njia huwa nyembamba, imetandazwa mawe, mto kuliani na nyumba za kale kushotoni. Vidaraja viwili vya mawe vyauvuka mto. Mwendo mfupi mbele pana mlango mdogo usio na fahari, na ndani yake ni hamamu iitwayo El Bañuelo. Wataalamu huihesabu kuwa ni ya karne ya 11, zama za wafalme wa Bani Ziri, kabla ya al-Hamra ya leo. Ina chumba cha baridi, cha vuguvugu na cha moto, kama hamamu zote za Waislamu, na aliyeiona Hamamni ya Unguja, iliyojengwa katika zama za Sayyid Barghash, atafahamu upesi. Juu, katika kuba za matofali, mna matundu yaliyochongwa mfano wa nyota. Jua la jioni lilikuwa likipenya humo, na mianga yake ikaanguka sakafuni kama shilingi mpya. Mtoto alirukaruka kutoka mwanga mmoja hata mwingine.

Hamamu nyingi za mji huo zilibomolewa. Hii ilisalia kwa kuwa ilifichikana chini ya nyumba ya watu, na wanawake wakaitumia kufulia nguo. Twajua ya kuwa katika zama zile kuoga siku ya Ijumaa kulitosha kumtia mtu mashakani, na Baraza la Uchunguzi wa Dini, lililowekwa Granada mwaka 1526, lilikuwa likiuliza mambo kama hayo: nani alinawa mikono na uso asubuhi, nani alikataa nguruwe, nani alifunga mchana. Fikirini, enyi wazazi, mtoto wenu atawadha kwa kelele na kumwaga maji ovyo, nanyi hamwoni hilo kuwa ni neema. Wako wazazi waliowafundisha watoto wao kutawadha kwa kunong'ona.

Karibu na hapo, mtaa huo huo, Sultani Muhammad wa Tano alijenga hospitali, yaani Maristan, baina ya mwaka 1365 na 1367, ikatibu wagonjwa, na khasa wenye maradhi ya akili. Na mbele ya hamamu, ng'ambo ya mto, mna kipande cha mnara na nusu ya tao lililokatika, limening'inia juu ya maji. Hayo ndiyo mabaki ya daraja waliitalo Puente del Cadí. Cadí ni nani? Ni kadhi! Mtu wa Granada akilitaja jina hilo hutaja neno ambalo sisi twalitumia kila siku, ila yeye hana khabari. Tulimwambia mtoto aseme "kadhi". Akasema vizuri sana kuliko babake.

Mbele zaidi, kushotoni, ni jumba la fahari la mwaka 1539, liitwalo Casa de Castril. Lilikuwa la jamaa ya Hernando de Zafra, yule katibu wa mfalme aliyekuwamo katika kuutengeneza mkataba wa mwaka 1491. Leo ni makumbusho ya mambo ya kale. Humo mna asturulabi ya shaba iliyotengenezwa mwaka 1481, miaka 11 tu kabla ya mji kutolewa. Ni chombo cha kujulia nyakati kwa jua na nyota. Basi kimekaa katika nyumba ya jamaa ya aliyeuandika mkataba ule, na mkataba wenyewe haukuishi miaka 10.

NJIA YA WENYE HUZUNI

Ukilipita kanisa la San Pedro, nalo pia limejengwa mahali pa msikiti, njia hufunguka ghafula ikawa uwanja mrefu kando ya mto. Hapa ndipo hasa penye jina, Paseo de los Tristes, yaani matembezi ya wenye huzuni. Palitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 17, pakawa mahali pa sherehe za mji, na ingaliko nyumba ndogo yenye roshani ambamo wapiga mazumari walikuwa wakikaa wakitumbuiza. Leo pana miti, chemchemi ya mawe, na meza za wauza kahawa. Na juu, ukiinua uso, al-Hamra yote imesimama mbele yako, kuta zake zikigeuka rangi kwa kadiri jua linavyoshuka, kwanza njano, kisha nyekundu, kisha kama kaa la moto lililofunikwa majivu.

Msomaji asidhani jina hilo la huzuni limetokana na Waislamu waliofukuzwa. Asili yake ni mazishi. Katika karne ya 19 waliochukua maiti kwenda makaburini, nyuma ya kilima cha al-Hamra, walipitia hapa, na wafiwa wakarudi kwa njia hii hii. Jina la serikali ni jingine: ni Paseo del Padre Manjón, kwa kumkumbuka padre Andrés Manjón, aliyeanzisha karibu na hapo mwaka 1889 shule za watoto wa maskini. Sisi ni walimu, na mwalimu wa watoto wa maskini twampa haki yake hata kama dini zetu ni mbalimbali.

Lakini njia yaweza kuwa na huzuni zaidi ya moja. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1568, baada ya sheria ile, Wamorisko waliasi, na vita vikachukua zaidi ya miaka miwili milimani. Mwezi wa Juni 1569 wanaume wa Albaicín, mtaa huu ulio juu yetu, waliamriwa wakusanyike makanisani, na kutoka huko wakatolewa mjini chini ya ulinzi. Mwaka 1570 makumi ya maelfu wakatawanywa kwa miguu katika nchi ya Castilla, wakati wa baridi, na wengi wakafa njiani. Kisha baina ya mwaka 1609 na 1614 Wamorisko wa Uhispania yote, yapata watu 300,000, wakafukuzwa wakavushwa bahari, wengi wao hadi Maghribi, Algeria na Tunis.

"NI MAUA, BABU"

Tuliketi juu ya ukuta wa mto, mtoto akila chestinati za kuchoma alizonunuliwa. Tulimwonyesha al-Hamra tukamwuliza, je, umepata kuingia? Akasema ndiyo, alikwenda na wenziwe wa shule. Tukamwuliza ameona nini. Akahesabu kwa vidole: simba wa mawe wanaotoka maji midomoni, samaki katika birika, na maua ukutani. Tukamwambia, babu, yale ukutani mengine si maua, ni maandishi. Mtoto akatikisa kichwa, akasema kwa uhakika wote, na babake akafasiri kwa sauti ndogo: "Hapana. Ni maua, babu."

Mwasikia, wasomaji? Katika kuta zile yamekaririwa mahali pasipohesabika maneno haya: Wala ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo yaliyokuwa nembo ya masultani wale. Mtoto wa Kiislamu, jina lake jina la mmoja wa Masahaba, amepita mbele ya maneno hayo akayaona ni maua.

Kijana wetu aliinamisha kichwa. Tulimwona akiona haya, nasi hatukupenda kumwongezea. Baadaye akasema mwenyewe: "Maalim, kazi inakwisha usiku. Mamake naye anafanya kazi. Kila mwaka nasema mwakani nitaanza naye. Nami ulinifundisha bure, hata mafuta ya taa ulikuwa unanunua wewe."

Tulimjibu kwa kisa, si kwa ukali. Tulimwambia: Wamorisko wa Aragón walikuwa wamekwisha poteza Kiarabu, wakisema Kihispania kama majirani zao. Walifanyaje? Walikiandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili, ili mtoto asipotezwe na herufi za Kitabu chake. Wakaandika humo namna ya kutawadha, namna ya kusali, visa vya Mitume. Kuonekana na karatasi kama hiyo ilikuwa hatari ya kifungo na mateso. Wakaficha vitabu ndani ya kuta na baina ya dari na sakafu, wakaondoka. Mwaka 1884, nyumba moja katika kijiji cha Almonacid de la Sierra ilipokuwa ikibomolewa, vikatoka humo vitabu vingi vya namna hiyo. Na mwaka 2003, katika kijiji cha Cútar karibu na Málaga, wenye nyumba waliokuwa wakiitengeneza walibomoa ukuta wakakuta Msahafu na vitabu vingine viwili, vimekaa gizani miaka mia tano.

"Basi mwanangu," tukasema, "wale walizuiwa na sheria, na wapelelezi, na moto. Sisi hutuzuia nini?"

Hakujibu. Nasi swali lile hatukumwuliza yeye peke yake. Tulijiuliza sisi wenyewe pia, maana katika mji wetu, penye misikiti kila pembe na hapana amzuiaye mtu, tunao watoto waachao chuo kwa ajili ya mpira, na wazazi waliao mwalimu anapokumbusha ada, na watu wazima ambao Msahafu wao uko juu ya kabati umefungwa kwa kitambaa kizuri na vumbi juu yake. Ukuta wa Cútar ulificha Kitabu kwa khofu. Kabati zetu zakificha kwa nini?

Tulitoa kalamu mfukoni, na karatasi ilikuwa ile ya chestinati. Tukaandika alifu, mstari mmoja uliosimama. Tukamwambia mtoto: hii ni alifu. Akasema: alifu. Tukaandika bee, na nukta yake chini. Tee, na nukta mbili juu. Akazisoma. Babake akasogea, akashika mkono wa mwanawe kama sisi tulivyoushika wake miaka ishirini na tano iliyopita, wakaandika pamoja. Watu walikuwa wakipita na mbwa wao na baiskeli zao, hapana aliyetutazama. Mlango ulikuwa wazi, na hapana aliyechungulia.

KUPANDA

Jua likawa limekaribia kuchwa. Kutoka mwisho wa uwanja yapanda njia iitwayo Cuesta del Chapiz, na penye kona yake ni nyumba ya bustani iliyokuwa ya Wamorisko matajiri wa karne ya 16. Leo nyumba hiyo ni Skuli ya Elimu ya Kiarabu, iliyoanzishwa na serikali ya Uhispania mwaka 1932, na wataalamu wake husoma na kuchapa vitabu vya Andalus. Lugha iliyokatazwa nyumbani kwa amri ya mwaka 1567 yasomwa na wajukuu wa waliotoa amri. Tulilitafakari hilo sana. Wao wayajua maandishi ya al-Hamra neno kwa neno. Na wetu ayaona maua.

Tukapanda hadi juu ya Albaicín, kwenye msikiti mweupe uliofunguliwa mwezi wa Julai 2003, baada ya zaidi ya miaka 20 ya subira tangu kiwanja kilipopatikana. Bustani yake yaielekea al-Hamra, ng'ambo ya bonde la Darro. Muadhini alipanda mnarani akaadhini kwa sauti yake mwenyewe. Hatuna maneno ya kueleza yaliyotupata. Mtoto alitwaa maji akatawadha pamoja nasi, akamwaga mengi ovyo, na kwa mara ya kwanza katika umri wetu wa ualimu hatukumkemea mtoto kwa kumwaga maji.

Tulipotoka msikitini alituvuta mkono hata penye ukuta wa bustani. Al-Hamra ilikuwa imekwisha washwa taa. Akainyoshea kidole, akasema kwa Kiswahili chake kidogo: "Babu, kule kuna alifu?" Tukamwambia: ziko nyingi, mwanangu, utazisoma inshallah. Kesho yake babake aliomba saa moja kazini, wakaenda wawili.

Wasomaji wetu, Andalus haitarudi kwa machozi, wala hatukuandika haya ili watu wachukie majirani zao. Tumeandika kwa sababu tuliona kwa macho yetu ya kuwa majumba ya mawe hubaki na wenyewe wakaondoka, na maandishi hubaki ukutani na wasomaji wakatoweka. Kinachokaa ni kile ambacho mzazi amekitia kifuani mwa mtoto wake jioni baada ya kazi, akiwa amechoka. Usingoje mwakani. Twaa karatasi, hata ikiwa ni ya kufungia njugu, uandike alifu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wale waliofundisha kwa kunong'ona, na atusamehe sisi tunaonyamaza hali midomo yetu i huru. Amin.

Wabillahi tawfiq.